Mwalimu na Risasi Fupi

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho ya kuonana nyuso na akatuficha yaliyomo vifuani, kwa kuwa alijua tungeyaona yote tusingeweza kukaa meza moja hata siku moja. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa riziki ya ugenini ambayo haikukatika, na kwa watu aliowapitisha mbele yangu, wepesi na wazito. Mmoja wa wale wazito ndiye ninayetaka kumsimulia.

Sote tulimwita Mwalimu. Alifundisha kulenga shabaha kwa bastola katika klabu moja hapa Dubai, ukumbi wa ndani wenye kiyoyozi, ambako wenyeji na wageni walikuja kujifunza na wachache wakafikia kushindana. Mimi nilikuwa msimamizi wa ukumbi: milango, taa, ratiba, na chumba kidogo cha kusalia ambacho nilikiombea mazulia mwenyewe. Yeye alikuwa Mkenya wa bara, Mkristo. Mimi ni Mzanzibari niliyezeekea mtaa wa Deira. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi ya muongo ule uliopita. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani siwezi kueleza, kwa sababu siku nilipomwuliza anatoka sehemu gani ya Kenya, alinitazama akasema, "Unataka kumwambia nani?"

Huyo ndiye Mwalimu. Alishuku kwanza, akafikiri baadaye.

Chai ya klabu hakuinywa. Tulikuwa na mtu wa chai, Mhindi wa Kerala, mpole, aliyepika chai ya maziwa nzito ambayo hata mabwana wenye magari makubwa waliiulizia. Mwalimu alikuja na chupa yake kutoka nyumbani na kuifungia kwenye droo. Siku moja nilimtania.

"Mwalimu, nani atakutilia sumu wewe? Una urithi gani?"

"Sheikh, sisemi sumu. Nasema sukari. Wanazidisha sukari ili mkono utetemeke."

"Mkono wa mwanafunzi au wako?"

"Wa yeyote. Ukitetemeka, nani anafaidika? Jiulize hapo."

Nilijiuliza, na mpaka leo sijapata jibu.

Simu yangu ilikuwa na ule mtambo wa kuadhini. Mwalimu hakuuamini. Akiwa nje anapunga upepo alikuwa akiingia na kusimama mlangoni kwangu: "Sheikh, Alasiri imeingia."

"Simu yangu bado."

"Hiyo simu imetengenezwa na watu unaowajua? Nimesimama na fimbo pale nje nikaangalia kivuli. Amka."

Basi Mkristo yule, ambaye Jumapili yake haikumpita, alinipimia kivuli cha Alasiri kwa miaka. Nami nikatawadha kwa neno lake mara nyingi kuliko kwa neno la simu, kwa kuwa kivuli ndicho walimu wangu walichonifundisha nikiwa mdogo, na nilimshukuru Mungu kwa kunikumbusha kupitia mlango ambao sikuutarajia.

Mfukoni mwa shati, mahali ambapo watu wengine huweka kalamu, yeye aliweka kipimo cha chuma chenye taya mbili, kile ambacho mafundi wa mitambo hupimia unene wa vyuma. Alipima kila kitu. Alipima soli za viatu vya wanafunzi. Pale Al Baraha, karibu na chumba alichopanga, kulikuwa na mkahawa wa Mtanzania mmoja kutoka Tanga, na Mwalimu alipima chapati yake mbele ya wateja.

"Jumatatu ilikuwa nene kuliko hii," akasema.

"Mwalimu," yule Mtanga akamjibu huku akigeuza nyingine kwenye kikaango, "pima na njaa yako basi, tujue ipi imepungua."

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka, ila kesho yake alirudi na kuagiza chapati mbili. Tulipokwenda pamoja soko la Al Ras kununua karafuu na hiliki, alimtaka mwenye duka afungue gunia kwa chini, kwa sababu, alisema, juu ya gunia huwekwa zile za kuonyesha. Mwenye duka alikataa. Mwalimu akahamia duka la pili, na la tatu, mpaka wachukuzi wenye mikokoteni wakaanza kutufuata wapate la kutazama. Nilinunua hiliki zangu duka la kwanza. Zilikuwa nzuri, alhamdulillah.

Lakini mtu huyuhuyu, chumba chake kilikuwa kimbilio. Wakenya waliofika Dubai wakakuta wakala hapokei simu na kazi waliyoahidiwa haipo, waliambiwa nenda Al Baraha, muulize Mwalimu. Aliwapokea. Mmoja alipofika na begi lake, kijana mwembamba ambaye hakuwa amekula tangu uwanja wa ndege, Mwalimu alinivuta kando ngazini.

"Huyu ni mwizi. Macho yake hayatulii."

"Basi umrudishe."

"Nimrudishe wapi?"

Akampa kitanda chake. Yeye akalala kwenye kiti, na asubuhi alinieleza kwamba alilala pale ili amwone vizuri. Kijana alikaa mpaka akapata kazi hotelini, na katika siku zote hizo Mwalimu aliniambia ni mwizi, na katika siku zote hizo hakukidai kitanda chake.

Kwa hiyo nilikuwa sijui nimweke wapi. Nimesoma vitabu vya dini tangu utotoni, na nimefundishwa kwamba kumdhania mtu vibaya ni mzigo ambao anayeubeba ni yule anayedhani. Mwalimu aliubeba mzigo huo kama mtu anayebeba kikapu cha sokoni, bila kulalamika, tena mikono yake ikiwa tayari kumsaidia yuleyule anayemdhania.

Jambo moja tu hakulishuku, nalo ni urefu wa risasi. Hilo alilijua. Siku moja ukumbi ukiwa mtupu, aliniita mezani kwake, akatoa risasi za kufundishia zisizo na baruti, na magazini moja iliyokatwa ubavu ili mtu aone ndani.

"Watu bastola ikikwama wanasema ni mbovu," akaanza. "Mara nyingi sio mbovu. Imelishwa vibaya. Tazama. Magazini hii ilichongwa kwa risasi ndefu. Ukiitia fupi, mbele inabaki nafasi. Sasa bastola ikipiga, inajifungua kwa nguvu na kujifunga kwa nguvu, inasukuma risasi ya juu iingie kwenye mtutu. Ile fupi inaanza safari ikiwa mbali na mlango. Njiani inainama, pua inagonga kizingiti badala ya kupanda. Imekwama."

"Na ndefu?"

"Ndefu inaanza ikiwa karibu. Haina nafasi ya kuinama. Inapanda moja kwa moja."

"Basi zote zifanywe ndefu kabisa tupumzike."

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu kabla ya swali kwisha. "Ukizidisha, ama haitaingia kwenye magazini, ama itasugua ukuta wake na kuchelewa kupanda. Na hata ikipanda, kichwa kitagusa ile mitaro ya ndani ya mtutu kabla bastola haijafunga. Itabaki imeachama mdomo. Kila bastola ya mashindano ina urefu wake inaoupenda, Sheikh. Unautafuta kwa kujaribu. Ukiupata, huubadilishi. Hizi bastola zetu za wanaojifunza hazichagui, zinameza lolote. Lakini ile ya Saif, weka fupi uone."

Saif alikuwa mpigaji wetu wa kwanza, mwenyeji, mpwa wa mwenye klabu, kijana mwenye adabu na haraka. Yeye peke yake alikuwa na bastola ya aina ile.

Sasa nieleze desturi ya Mwalimu, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Risasi zilitoka kiwandani zikiwa kwenye makasha ya karatasi. Mwalimu hakutaka mtu yeyote ajue kasha gani litatumiwa na mpigaji gani, akihofia atakayeharibu risasi za mpigaji fulani makusudi. Kwa hiyo kabla ya siku ya mashindano au ya majaribio alizitoa zote kwenye makasha, akazipanga kwenye visanduku vya plastiki visivyo na alama yoyote, vichwa chini, matako juu, kisha akavichanganya visanduku vyenyewe. Akavirudisha ghalani kufungiwa. Siku ya kupiga, yeye mwenyewe ndiye aliyejaza magazini, hakumruhusu hata mwenye bastola. Tulimcheka wazi. Saif alikuwa akimwuliza, "Mwalimu, leo risasi zangu unazijua ni zipi?" naye akijibu, "Nazijua. Wewe usizijue."

Ghala lililindwa na binti wa Kikenya, mlinzi wa kampuni, jina lake Chebet. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwake. Alikuwa mrefu, mkimya, na akiwa peke yake aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya puani ambayo ungeisikia tu ukipita karibu. Mwalimu alimshuku kama alivyotushuku wote. Kila asubuhi alimwuliza, "Nani ameingia?" na kila asubuhi Chebet alijibu, "Wewe."

Ulifika msimu wa baridi na mashindano ya vilabu yakakaribia. Siku ya majaribio, Saif alisimama kwenye mstari wake. Alipiga vizuri, kisha bastola ikakwama. Akaitoa ile risasi, akaendelea. Ikakwama tena. Ilipokwama mara nyingine akaiweka chini na kuinua mkono, na uso wake haukuwa na rangi. Mwalimu alikwenda mbio ambazo sikuwahi kumwona nazo. Akazitoa risasi zilizobaki, akaja nazo ofisini kwangu penye dirisha, akatoa kipimo chake.

"Hii sawa," akasema. "Hii fupi. Hii fupi. Hii sawa." Tofauti haikufika upana wa punje ya mchele, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mtu amezisukuma vichwa ndani. Makusudi. Nani ana ufunguo?"

Sote tulijua. Chebet aliitwa.

"Mwalimu, mimi hata kuzishika sipendi," akasema. "Zina harufu ya shaba, haitoki mkononi."

"Asiyezishika anaijuaje harufu yake?"

Binti akaitazama mikono yake. Niliona kwamba amenaswa na neno lisilo na maana yoyote, kwa sababu kila mtu aliyefanya kazi katika jengo lile alikuwa na harufu ile mpaka kwenye nguo zake.

Meneja akaja. Alikuwa mtu wa biashara, si wa bastola, na jambo lililomtisha lilikuwa moja. Alisema kwa sauti ya chini kwamba risasi zilizochezewa si suala la klabu tena. Kesho ataijulisha kampuni ya ulinzi, na baada ya hapo wenye mamlaka. Mlinzi mwenye taarifa ya namna hiyo habaki nchini.

Alipoondoka, Chebet alinifuata hadi nje ya chumba cha kusalia. Hakulia. "Mzee," akaniuliza, "wakinirudisha nyumbani na neno la risasi juu yangu, nani atanipa kazi ya ulinzi tena? Mimi sijasomea kitu kingine."

Nilimwambia asubiri, na kwamba nitasema ninachokijua juu yake, yaani uaminifu wake. Kisha nikarudi ofisini kuchukua kofia yangu.

Mwalimu alikuwa bado dirishani, mgongo kwangu. Macho yake ya karibu yalikuwa yameanza kuchoka, na miwani alikuwa ameikataa, akisema wauza miwani humpima mtu mpaka wampate na ugonjwa. Alikuwa amenyoosha mkono mbali kabisa na uso, akiielekeza risasi kwenye mwanga, si kichwa chake bali kitako, pale penye alama ndogo ya kiwanda iliyogongwa kwenye shaba. Akaitazama. Akachukua nyingine, akaitazama nayo kitako. Akaziweka pamoja, akazigeuza, akazirudia. Halafu aliketi, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Alizitia zote mbili mfukoni mwa shati na kukifunga kifungo.

"Umeona nini?" nikamwuliza.

Alishtuka. "Sijaona kitu. Macho yangu si unayajua."

Namshukuru Mungu aliyenipa subira, lakini siwezi kusema kwamba tangu dakika ile moyo wangu ulikuwa safi juu yake. Sikujua alama zile zina maana gani. Nilijua tu kwamba mtu anayepiga kelele tangu asubuhi alinyamaza ghafla, na kwamba mtu anayeonyesha kila kitu alificha viwili.

Alasiri ile hakuja kuniita. Nilisali, nikamfuata kwenye ngazi za nyuma alikokaa na chupa yake ya chai, haijafunguliwa.

"Mwalimu, yule binti atapandishwa ndege."

"Unanishuku, Sheikh?"

"Nakuuliza."

"Anayeuliza hivyo ameshashuku."

"Nimefundishwa na wewe."

Midomo yake ilitaka kucheka, ikaacha. "Ulisimama mlangoni muda gani?"

"Wa kutosha. Nilichoona sikijui, Mungu anakijua. Ninachojua ni kwamba kabla ya kesho kuna neno linatakiwa kusemwa, na mimi sina neno hilo. Kama unalo, ni lako."

Nikageuka. Nilimwacha pale.

Asubuhi yake aliingia kwa meneja kabla sijafika. Nilielezwa baadaye na meneja mwenyewe, kwa furaha, kwamba Mwalimu amechunguza tena na amegundua ni kosa la kiwandani. Risasi ndefu na fupi zimefungashwa pamoja. Hakuna aliyezisukuma. Khalas, hakuna haja ya kumjulisha mtu.

Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya Chebet. Ila nilimwambia meneja kwamba mimi sijaridhika, kwa kuwa kiwanda kinachochanganya risasi kingetukwamisha miaka yote. "Haji," akaniambia, "yalla, tuna mashindano. Hakuna aliyeumia."

Lakini aliyeumia alikuwepo. Meneja, kwa usalama tu, kama alivyosema, alimwondoa Chebet ghalani akampeleka lango la nje, penye maegesho ya magari. Kosa halikuwa lake, lakini jina lake lilikuwa limeshatajwa karibu na risasi, na hilo lilitosha. Mwalimu aliambiwa mbele yangu. Aliitikia kwa kichwa na kurudi kwa wanafunzi wake. Saif alishindana na risasi zilizopimwa moja moja, na bastola haikukwama.

Anayeijua Dubai ya mwezi wa saba anajua lango la nje ni nini. Chebet alikuwa na kibanda cha turubai ambacho kivuli chake kilihama kumkimbia, na alivaa kitambaa kilicholowa chini ya kofia. Nilipita kwake kila siku.

"Salama, Chebet?"

"Salama, mzee. Leo tunaokwa upande wa kushoto."

Na Mwalimu? Mwalimu, ambaye zamani aliingia kwa lango kuu ili aone gari la nani limeegeshwa wapi, alianza kupita mlango wa nyuma wa kushushia mizigo. Sababu aliyonipa ni kwamba njia ni fupi. Njia ilikuwa ndefu zaidi. Ilimbidi azunguke jengo zima juani. Kisha yule mtu wa chai aliniambia siri, kwamba kila adhuhuri hupewa na Mwalimu chupa ya maji ya barafu aipeleke langoni, na amekatazwa kusema yametoka kwa nani.

Nilipoyaweka hayo pamoja, shaka yangu ilinenepa. Mtu asiye na lake haogopi lango. Nilijaribu zaidi ya mara moja kumwekea mazungumzo njiani. Nilimwambia, "Chebet anakohoa siku hizi, ni vumbi." Akasema, "Hali ya hewa imeharibika." Nilimwambia, "Maji unayompelekea yanamfaa." Akanitazama akauliza nani amesema, na kwa juma zima mtu wa chai hakusalimiwa. Nikaendelea kufanya kazi na Mwalimu, nikala naye, nikamwombea. Lakini nikikaa naye nilikaa kama mtu aliyekaa na sanduku lililofungwa.

Baadaye alipata kazi katika klabu ya mji mwingine wa nchi hii, akaondoka. Tuliagana kwa kushikana mikono. Alisema, "Sheikh, usiamini ile simu," na mimi nikasema inshallah tutaonana.

Tulionana mwishoni mwa muongo ule. Klabu yetu iliandaa mashindano na Mwalimu alialikwa kama mwamuzi. Wageni wote, hata waamuzi, walipitia lango kuu na kukaguliwa mizigo. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa ajili ya siku hiyo. Mimi nilikuwa nimesimama langoni kuwapokea wageni, na Chebet alikuwa kwenye meza yake chini ya turubai, amekuwa mtu mzima sasa, na ngozi ya mashavu imeungua ikawa nyeusi kuliko ya mikono.

Teksi ilisimama, Mwalimu akashuka. Alikuwa amezeeka na alivaa miwani. Alituona wote wawili kwa mara moja, na hakuwa na pa kugeukia.

"Karibu, Mwalimu," Chebet akasema. "Begi, tafadhali."

Akaliweka mezani. Chebet alilikagua kama alivyokagua mengine yote, bila haraka na bila ubaya: koti la uamuzi, taulo, dawa za presha, chupa ya chai, ambayo aliifungua akainusa na kuifunga. Mimi nilingoja aulize kwa nini inanuswa. Hakuuliza. Alisimama juani mikono imeshuka.

"Hamna kitu," Chebet akasema, akivuta zipu. "Pita tu."

"Kipo," Mwalimu akasema.

Chebet alimtazama, kisha akalitazama begi.

"Hukukikuta kwa sababu hakimo humo. Zile risasi fupi nilizichanganya mimi. Klabu ilikuwa imenunua aina mpya kwa wanaojifunza, makasha rangi ileile. Nilimwaga zote pamoja nilipokuwa nazihamisha, sikusoma alama. Siku ileile niliisoma dirishani. Sheikh huyu aliniona. Nilijua kabla hujalala usiku ule kwamba ni mimi, nikasema ni kiwanda."

Gari lilipiga honi nyuma ya teksi. Chebet aliinua kiganja kulizuia bila kuligeukia.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua. Niliona jina langu litaharibika. Nikatafuta uongo ulio karibu na ukweli, nikadhani utakutosha na wewe."

Chebet akakishusha kiganja. Nilidhani atalia au atamtukana, na vyote viwili ilikuwa haki yake.

"Mimi miaka yote hii nilijua kuna mtu," akasema hatimaye. "Nilidhani ni Saif. Niliona alitaka lawama ya kukwama imwondokee. Kila akipita hapa na gari lake nilikuwa namwombea mabaya, nikimfungulia kizuizi huku natabasamu." Akavua kofia, akakikunja kile kitambaa kibichi, akakivaa tena. "Sasa mimi unaniambia nini? Mimi nilikuwa najua sikuzishika. Nenda ukamwambie sir."

"Nitakwenda."

"Nenda sasa. Unazuia magari."

Tulikwenda pamoja. Meneja alikuwa yuleyule, na alisikiliza akiwa na simu mkononi, akasema, "Mwalimu, hayo ni ya zamani. Khalas. Nani anayakumbuka?" Mwalimu alivuta kiti, akaketi mbele ya meza, akaliweka begi miguuni.

"Anayakumbuka aliye langoni," akasema. "Mashindano hayana mwamuzi mpaka umpigie simu bosi wa kampuni yake nikiwa hapa nasikia. Sema kosa lilikuwa la nani. Taja jina langu lote."

Meneja alinitazama mimi, akitarajia nimsaidie kulimaliza kwa maneno laini, kama ilivyokuwa kawaida yangu. Nilimwambia, "Piga, sir. Mimi ni shahidi." Akapiga. Mwalimu alisikiliza mpaka neno la mwisho, akamrekebisha mahali pawili, kisha akainuka kwenda kuamua.

Jioni Mwalimu alipotoka sikumwona akisimama langoni, wala Chebet hakumwita. Alimwinulia kizuizi, naye Mwalimu akapita akaingia kwenye teksi. Sikupata kujua kama amemsamehe. Sikumwuliza, na si langu. Langu lilikuwa kuiweka chini ile shaka niliyoibeba juu ya mtu kwa miaka, ambayo ilikuwa kweli na bado ilikuwa nzito.

Juma lililofuata nilikuta kijana mgeni kwenye meza ya langoni. Nikaingia ndani kwa hatua za mzee, nikapita ofisi yangu bila kuifungua, nikaenda moja kwa moja hadi ghalani. Chebet alikuwa amesimama mlangoni, sare imepigwa pasi, hewa ya kiyoyozi inampeperushia ukosi. Nilinyoosha mkono kwenye kitasa.

"Kadi, mzee," akasema.

"Chebet, unanijua."

"Nakujua. Kadi."

Nikaitoa. Akaisoma mbele, akaigeuza akaisoma nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili, akafungua mlango.

Ewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe jina jema na akulindie pale usipokuwepo kulitetea. Akuepushe na kumdhania mtu yasiyo yake, na wengine awaepushe na kukudhania yasiyo yako. Ukikosea, akupe ulimi wa kusema ungali na nafasi. Na jua la kazi yako, popote ulipo, alifanye la huruma. Amin.